Jinsi ya kuisoma edan, shaba ya wazee wa Ogboni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunajifunza kuisoma edan, ile jozi ya sanamu ndogo za shaba ya manjano ambayo ni alama ya mamlaka ya wazee wa Ogboni, chama cha wazee katika nchi ya Wayoruba kusini-magharibi mwa Nigeria. Katika jina Ogboni, g na b zitamkeni kwa mpigo mmoja. Waegba na Waijebu, ambao nao ni Wayoruba, wanakiita chama hicho Osugbo. Tafuta picha iliyo wazi, au simama mbele ya kabati la makumbusho, twende pamoja.

Hatua ya kwanza: nyuso ziache kwanza, tazama utosini. Hapo pana mnyororo wa chuma unaoziunganisha sanamu mbili. Mzee huutundika shingoni, sanamu zikaning'inia kifuani. Ukikuta sanamu moja peke yake, ujue unatazama nusu ya kitu. Makumbusho kadhaa yana edan zilizotenganishwa namna hiyo, na kibandiko cha maelezo wala hakisemi kuwa mwenzake hayupo. Mimi hilo hunikera.

Hatua ya pili: tambua nani mwanamume, nani mwanamke. Angalia ndevu, matiti, mapambo ya kichwa. Ogboni ina wazee wa kike pia, wenye cheo cha Erelu, kwa hiyo jozi hii si urembo tu. Wayoruba husema Ogboni wawili huwa watatu, na wengi humtaja huyo wa tatu kuwa ni Ardhi, Ile, anayeshuhudia kila linalosemwa.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo: mikono. Simamisha video kidogo, ujaribu mwenyewe. Kunja ngumi mbili, uziweke mbele ya kifua, ya kushoto juu ya ya kulia, na vidole gumba uvifiche ndani. Umekosea ukiweka ya kulia juu. Hiyo ni ishara ya Ogboni, na utaiona kwenye edan nyingi. Wanachama hupeana hata mkono wa kushoto wanaposalimiana, ingawa kwa Wayoruba wengine kumpa mtu mkono huo ni utovu wa adabu.

Hatua ya nne: shuka hadi chini. Mara nyingi utaona ncha ya chuma imechomoza. Haikuchomekwa baadaye, fundi alianza na chuma hicho. Aliijenga sanamu kwa nta, akaifunika udongo, akaupasha moto mpaka nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka mahali ilipokuwa nta. Shaba ikipoa, kalibu huvunjwa. Ndiyo maana kila edan iliyosubiwa hivyo ni ya peke yake. Hata sanamu za jozi moja, ukizikagua vizuri, hazilingani kabisa. Kwa Wayoruba chuma ni mali ya mungu Ogun, shaba ya manjano ni ya mungu wa kike Osun, na shaba hailiwi na kutu kama chuma. Kwenye edan kongwe utaona chuma kimeliwa huku sura bado zinang'aa.

Hatua ya tano: jiulize ilifanya kazi gani. Damu ya mtu ikimwagika chini katika ugomvi, ilihesabiwa kuwa kosa dhidi ya Ardhi yenyewe, na kesi ilikuwa ya Ogboni. Mwenye cheo cha Apena aliwaita wahusika, na edan ilikuwa ushahidi kwamba wito unatoka iledi, nyumba ya mikutano yao. Hapo hapakuwa na kubisha. Hata mfalme hakuwa nje ya mkono wao. Katika ufalme wa zamani wa Oyo, baraza la wakuu saba, Oyo Mesi, lingeweza kumkataa Alafin, yaani mfalme wa Oyo, na Ogboni nao walikuwa na sauti katika mizani hiyo. Kwa hiyo ukiandika maelezo chini ya picha yako, usiandike "sanamu ya mfalme". Andika "edan ya Ogboni", kisha utaje kama mnyororo upo au haupo.

Jambo la mwisho kwa mtakaotafuta zaidi mtandaoni: mtakutana na Reformed Ogboni Fraternity. Hicho kilianzishwa Lagos mwaka 1914 na kasisi wa Kianglikana, T. A. J. Ogunbiyi. Ni chama kingine, msikichanganye na wazee wa iledi tuliowazungumzia leo.