Nani Anatembea Chini ya Nyasi?

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: lundo la kifusi cha mgodi au majivu ya makaa likiota majani, bado halijapona. Nyasi hupandwa kwa siku moja. Inameni mtazame nani anatembea chini yake. Nazungumzia buibui na jamaa zao.

Krakatau, kisiwa cha volkano huko Indonesia, ililipuka Agosti 1883. Mei 1884 msafiri Mfaransa Edmond Cotteau na wenzake wakafika kwenye kipande cha kisiwa kilichobaki. Majivu na mawe matupu. Alitafuta uhai kila upande, akaambulia kiumbe mmoja tu: buibui mdogo mno, anasuka utando. Anamsukia nani, na nzi hakuna? Alikuja na upepo. Buibui mchanga hukwea mahali palipoinuka, akainua tumbo, akaachia uzi wa hariri, hewa ikambeba. Mwaka 1832 mwanasayansi Charles Darwin, akiwa kwenye meli ya Beagle, aliwaona kwa maelfu wamenasa kwenye kamba za meli, karibu kilomita 100 kutoka pwani. Kwa hiyo anayeniambia ardhi ya kiwanda imekufa, nani atafika huko, namjibu: walishafika, kabla ya trekta lako.

Mtaniuliza, kama wanatua popote, kuwepo kwao kunathibitisha nini? Wale weusi wadogo wa jenasi ya Erigone hawathibitishi kitu. Penye vurugu ndipo kwao. Lakini mkimwona buibui-mbwamwitu jike, mfuko wa mayai nyuma ya tumbo au watoto wamejaa mgongoni, basi huyo anazaa hapo. Na mtafuteni opilioni, yule wa miguu kama nyuzi ambaye wengi humwita buibui. Si buibui. Mwili wake ni kipande kimoja, hauna kiuno; hana sumu, hana hariri. Hawezi kupaa. Atafika kwa miguu, na spishi nyingi hukauka upesi zikikosa unyevu. Mkizingira eneo kwa lami pande zote, mtamsubiri sana.

Ndiyo maana nakasirika eneo zima likifunikwa udongo mweusi na kupandwa nyasi za aina moja. Wapo buibui wanaotaka mchanga mtupu wenye joto, na baadhi yao machimbo yaliyoachwa ndiyo kimbilio lao. Waachieni vipara vyao!

Naona muda unaniishia. Mitego ya kuwahesabu: kikombe kilichofukiwa hadi mdomo hukamata anayetembea sana, na madume yanayotafuta majike hukijaza. Msisome hesabu hiyo kana kwamba ni sensa. Na metali: buibui hulimbikiza kadimi na zinki mwilini na bado akaishi, kisha ndege akamla. Wingi wa buibui hautoshi kusema udongo ni safi. Pimeni udongo, mpime na miili yao.