Jani si Mzizi: Kuotesha Bogonvilia kwa Vijiti

Ya mbegu leo siyagusi, maana bogonvilia nyingi za bustani hazizai mbegu na hilo mnalijua. Habari ya Commerson, mtaalamu wa mimea Mfaransa aliyeuchuma mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa safarini na nahodha Bougainville, nayo nilishawasimulia. Nimesimama kwa jambo moja. Nalisema kila mwaka, na kila mwaka naletewa vijiti vilivyokauka.

Jani si mzizi.

Unakata tawi lililokomaa, nene kama penseli, urefu wa shubiri. Unakata chini ya kifundo, pale jani linapoota, unaondoa majani, unachomeka kwenye kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha miche, chenye mchanga na mboji. Wiki ya tatu hivi macho yanachipua, na hapo ndipo watu wanapoharibu kazi. "Imeshika!" Wanaitoa kivulini wanaipeleka juani. Wengine wanaichomoa kidogo waangalie!

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na viriba 40, vyote vimetoa majani mororo. Nikavipanga juani asubuhi. Kufika adhuhuri majani yamelala kama mchicha wa jana. Nikachomoa kimoja. Kwenye mkato palikuwa na vinundu vyeupe tu, mfano wa chenga za mchele zilizogandia kidondani. Mzizi hata mmoja hakuna. Majani yale yalikuwa yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti, na kijiti kisicho na mizizi kikiwekwa juani kitachota maji wapi?

Kuna atakayeniambia bibi yake alichomeka fimbo uani ikashika. Naam. Aliichomeka masika, mawingu yametanda, ardhi imelowa wiki nzima nzima, na fimbo yenyewe nene kama kidole gumba, ina akiba ya kutosha. Tena hakuichomoa kuichungulia. Na zile zilizokufa nani alizihesabu? Mwingine atasema ana dawa ya kuotesha mizizi. Ipake, inasaidia, lakini haioteshi mizizi kwa usiku mmoja.

Subirini wiki 8 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Inua kiriba utazame matundu ya chini. Ukiona nyuzi nyeupe zinachungulia, hapo sema imeshika. Nyuzi hizo ni nyembamba kama uzi wa cherehani, ukivuta zinakatika. Kwa hiyo siku ya kupanda usiunyanyue mche kwa shina. Teremsha kiriba chote shimoni, kipasue ubavuni kwa wembe, kivue taratibu, bonge la udongo lisivunjike.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: udongo uwe na unyevu, usiwe tope, tope linaozesha. Mkato wa juu uwe bapa, wa chini uwe wa mshazari, msije mkachomeka kichwa chini. Haibiskasi tutaifanya siku nyingine. Na nyinyi mlioacha viriba juani nyumbani kwa sababu vimechipua, nawaomba, mkifika tu virudisheni kivulini.