Wawili Katika Njia ya John Muir

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nieleze mume na mke wanaingiaje katika safari ya kilomita 340 kwa miguu, juu milimani, na wanatokaje huko wakiwa bado wanazungumza. Naona mnacheka. Lakini watu huniuliza habari za viatu kwa saa nzima, na hilo la kuzungumza hawaligusi.

Njia yenyewe iko Marekani, jimbo la California, katika safu ya Sierra Nevada. Inaanzia Happy Isles, ndani ya bonde la Yosemite, na inaishia kileleni mwa Mount Whitney, mita 4,421, mlima mrefu kuliko wote nchini humo ukiiacha Alaska. Na ukifika kileleni usidhani umemaliza, maana kuna kilomita 17 hivi za kushuka hadi Whitney Portal ndipo uione lami. John Muir, mwandishi na mtetezi wa milima hii, alifariki Desemba 1914. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilitenga dola 10,000 za kuichonga njia hii kwa heshima yake, na kipande cha mwisho, mpando wa kona kona unaoitwa Golden Staircase, kilikamilika 1938.

Muir mwenyewe mara nyingi alitembea peke yake, mkewe Louie akibaki kwenye shamba la matunda kule Martinez, kwa hiyo sisi wanandoa hana mengi ya kutufundisha. Mfano wangu ni Bolton Brown, mwalimu wa sanaa chuo kikuu cha Stanford, na mkewe Lucy. Mwaka 1896 walipanda pamoja Mount Ericsson, wakiwa wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, na kiangazi hicho hicho wakapanda Mount Williamson, mlima wa pili kwa urefu California. Karibu na Ericsson pana mwanya wa kuvukia mlima, na mpaka leo unaitwa Lucys Foot Pass.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana ugomvi wote nilioushuhudia kwenye njia ile, wetu na wa wengine, ulianzia hapo. Chakula hukibebi kwenye mfuko tu. Sehemu kubwa ya njia sheria inataka kasha gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Likiwa tupu lina uzito wa kilo moja na zaidi, na linaingiza chakula cha mtu mmoja cha wiki hivi, kama si mlaji sana. Watu hutanguliza ndoo ya chakula kwa posta hadi Muir Trail Ranch, karibu na katikati ya safari. Kutoka hapo kwenda kusini hakuna duka kando ya njia hadi Whitney Portal, zaidi ya kilomita 160, na mapito, yaani mianya ya kuvukia milima, yaliyo juu kuliko yote yako upande huo. Ndiyo kusema siku unayobeba mzigo mzito kuliko siku zote ndiyo siku unayoanza kupanda kwelikweli.

Hapo wanaume wengi husema, mimi ndiye mwanamume, lete nibebe. Si vibaya, lakini sababu si hiyo. Mzigo ndio usukani wa mwendo. Aliye mwepesi wa miguu aongezewe kilo mpaka mwendo wake ulingane na wa mwenzake, awe mume au mke. Kwetu mwepesi ni mke wangu. Nilikuwa nikimpa hema lote na jiko la gesi, na bado ananiacha. Na chakula kiliwe kwanza kutoka kwenye begi la yule anayechoka mapema, si nusu kwa nusu.

Ila msigawane vitu vya kuokoa uhai. Kila mmoja awe na mfuko wake wa kulalia, koti lake la baridi, ramani yake na chakula cha siku moja. Wawili hupotezana kirahisi kuliko mnavyodhani. Njia hii kwa sehemu kubwa ni ile ile ya Pacific Crest Trail, inayotoka mpaka wa Meksiko hadi Kanada. Karibu na Crabtree Meadow zinaachana: moja inageuka mashariki kwenda Whitney, nyingine inaendelea kusini. Aliyetangulia asipongoja pale, kila mtu atalala kwake. Basi tunangojana kila njia panda, kila kijito, kila pito. Mapema kiangazi theluji inayeyuka na mito inajaa. Maji ya asubuhi huwa chini kuliko ya alasiri, na mtu asivuke bila macho ya mwenzake.

Kuna pito la Forester Pass, mita 4,009. Radi za alasiri ni za kawaida huko, kwa hiyo unataka uwe umeshavuka kabla ya saa sita mchana. Maana yake kuamka gizani, na katika kila nyumba mmoja hapendi kuamka gizani. Ugomvi wenyewe hauji saa hiyo, unakuja alasiri, njaa ikiuma. Mke wangu ana kauli yake: "Kula kwanza, tutagombana baadaye." Nimekula karanga nyingi nikiwa nimenuna.

Ugonjwa wa mwinuko haujali mazoezi uliyofanya. Kichwa kinauma, chakula kinakataa, baadaye miguu inayumba. Mgonjwa atakwambia yu mzima, na mwenzake ndiye anayeona. Akishayumba hakuna mjadala, mnashuka.

Mengine ni mepesi. Kibali hutolewa kwa kura, ombeni kama kundi moja. Muir Pass pana kibanda cha mawe cha mwaka 1930, na maziwa mawili, Wanda na Helen, majina ya binti za Muir, moja kila upande wa pito. Na eneo la Whitney huruhusiwi kuchimba shimo la haja, kila mtu anabeba choo chake kwenye mfuko maalumu mpaka chini. Huo mzigo hata mume mwema hapokei.

Ndiyo, dada, nimekusikia. Unauliza, mmoja akitaka kuacha katikati? Milango ya kutokea ipo. Kaskazini kuna Reds Meadow, ambako basi hufika majira ya kiangazi. Katikati kuna ziwa Edison, unavuka kwa boti. Kusini kuna Kearsarge Pass, unashukia Onion Valley penye barabara. Sisi tulikubaliana kabla ya kufunga mabegi kwamba yeyote anaweza kusema tutoke, na yule mwingine haruhusiwi kumjibu mpaka wote wawe wamekula na kulala usiku mmoja. Asubuhi akirudia neno lile lile, tunafungua ramani na kutafuta mlango ulio karibu.