Uyoga, Bakteria wa Utumbo na Afya ya Akili

Ndugu wasikilizaji, dai tunalolipima jioni hii lina hatua mbili: kwamba uyoga fulani hulisha bakteria wa utumbo, na kwamba bakteria hao nao huituliza akili. Nitaanza na hatua ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Mwaka 2004, Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliwabana kwa muda panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakaona homoni zao za msongo zikipanda kupita za panya wa kawaida. Walipopewa bakteria aina ya Bifidobacterium infantis, tofauti hiyo ilitoweka. Mwaka 2011, watafiti wa Cork, Ayalandi, waliwalisha panya Lactobacillus rhamnosus na wasiwasi wao ukapungua, lakini kwa wale waliokatwa neva ya vagasi, ambayo huunganisha tumbo na ubongo, nafuu hiyo haikuonekana. Ni panya hao, tusisahau.

Sasa uyoga wenyewe. Hericium erinaceus, ule mweupe wenye nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za mzee, una beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya, hivyo hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2009, wazee na watu wa makamo 30 wenye udhaifu mdogo wa kumbukumbu waligawanywa, baadhi wakapewa vidonge vya uyoga huo na wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa wiki 16 alama za waliokula uyoga zilipanda, kisha zikashuka wiki nne baada ya kuacha. Kwangu mimi, kushuka huko kuna uzito kuliko kupanda. Mwaka uliofuata, wanawake 30 walipewa biskuti kwa wiki nne, na waliopata zenye unga wa uyoga walieleza kupungukiwa na sonona na wasiwasi. Idadi hiyo ni ndogo mno kumtosha daktari kuandika dawa.

Tena, katika majaribio hayo mawili kinyesi hakikupimwa, kwa hiyo mchango wa bakteria haujulikani, hasa kwa kuwa uyoga huu una kemikali nyingine, erinasini, zinazodhaniwa kuchochea ukuaji wa neva moja kwa moja. Huko Boston, Marekani, utafiti wa mwaka 2014 ulipima kinyesi cha watu 24 wenye afya na kuona kwamba dondoo la uyoga mwingine, Trametes versicolor, liliwabadilisha bakteria wa wale waliopewa. Hali zao za akili hazikuwa sehemu ya swali.