Roketi na Mafuriko ya Nyando

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, oimore. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kuchunguza ardhi, kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Gharama iliyotajwa ni shilingi milioni 50. Haukupita mwaka mmoja na miezi michache, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yakaua watu wapatao 300 nchini. Mai Mahiu iliamka ndani ya tope. Hapa kwetu Nyando, Kisumu, watu walilala madarasani. Tangu hapo kila nikienda barazani naulizwa: hizo pesa za setilaiti si zingetujengea matuta ya mto?

Zisingetosha. Milioni 50 ni utajiri kwa mtu mmoja, lakini anayejua bei ya kukodi tingatinga na kusomba mawe atakwambia kwamba kwenye matuta ya Nyando, au ya Nzoia kule Budalang'i, hazifiki mbali. Hata hivyo swali ni la haki, na nawaomba wasomi wenzangu waache kulicheka.

Tatizo ni kwamba tunaposema "anga" tunachanganya mambo mawili: kuna kupeleka watu Mwezini na Mirihi, na kuna kuitazama dunia kutoka juu. Bei zake haziko karibu hata kidogo. Machi 2022, mkaguzi mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliwaambia wabunge wa nchi hiyo kwamba kila moja ya safari nne za kwanza za Artemis, mpango wao wa kurudi Mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Sasa njoo Dubai, mwisho wa 2023, kwenye mkutano wa tabianchi. Ahadi zilizotolewa huko kwa ajili ya hasara na uharibifu, yaani kwa nchi zilizoumizwa na mabadiliko haya, hazikufika dola milioni 800. Ni ahadi hizo, si pesa mkononi. Hapo nakereka, sifichi. Na wale wanaotuambia Mirihi ni makao ya akiba dunia ikiharibika, kule wastani wa baridi ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri na hewa ya kuvuta hakuna. Turkana katikati ya ukame ni bustani ukilinganisha.

Lakini tusimwonee mtu. Mwaka huohuo wa 2023 dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.4 kwa majeshi. Bajeti nzima ya NASA ni kama asilimia moja ya hizo. Anayetafuta pesa zilizopotea, aanzie huko.

Turudi kwa setilaiti zinazotazama chini, maana hizo zinatuhusu. Tangu 1992 zipo zinazopima kimo cha Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada, yanagonga uso wa maji na kurudi. Ukijua muda yaliotumia, unajua maji yako wapi. Mei 2020 ziwa lilivuka rekodi iliyokuwa imewekwa 1964. Aliyekuwa akifuata vipimo aliliona likipanda tangu mvua za mwisho wa 2019. Mchuuzi wa samaki wa Dunga yeye aliliona lilipoingia kibandani.

Na vipimo vyenyewe haviuzwi. Picha za setilaiti za Landsat za Wamarekani ni za bure tangu 2008, na za Sentinel za Ulaya ni za bure pia. Kasarani, Nairobi, kuna RCMRD, kituo cha kanda kilichoanzishwa 1975, kinachofanya kazi ya picha na ramani za namna hii. Kwa hiyo elimu ipo, na imeshalipiwa na wengine.

Inakatikia wapi? Inakatikia Ahero. Mvua inanyesha Nandi Hills na Londiani, yanakotoka maji ya mto Nyando, huku Ahero chini jua linawaka. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat hupiga picha ya wingu lile kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo, lakini wingu halikwambii maji yatafika darajani saa ngapi. Kujua hilo unahitaji ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, na mtu wa kushuka ukingoni asubuhi na jioni, afute tope, asome, aandike. Bila maandishi yake ya miaka mingi, kompyuta haina cha kujifunzia. Mafuriko makubwa yanaweza kuung'oa ubao huo, nasi tukapofuka wiki ileile tunayohitaji macho. Halafu kuna ujumbe wenyewe. Mama wa Kakola hataki asilimia za uwezekano. Anataka kujua, kwa Kijaluo, ahamishe mbuzi saa ngapi.

Msimamo wangu ni huu: kila shilingi inayokwenda kwenye setilaiti ifuatwe na shilingi nyingine ya kazi ya chini, yaani vipimo vya mito, mishahara ya wanaovisoma, na njia ya kumfikia chifu usiku. Ndoto ya kurusha roketi zetu wenyewe ingoje. Sisemi hatuwezi. Tuko kwenye ikweta, na pwani ya Malindi ndiko iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Jiografia haitatukimbia.

Kwa hiyo mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa, iacheni Taifa-1 kwanza. Ulizeni fungu la vipimo vya mto liko ukurasa gani. Mkijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya serikali kuu, ulizeni barua ya kuliomba iliandikwa lini, na ombeni nakala.

Nachukua maswali. Tuanze na mama huyu aliyeinua mkono tangu nilipotaja Mirihi.