Jinsi ya kupika na kubana matumizi kama akina mama wa Uingereza wakati wa vita, hatua kwa hatua

Haya wapendwa karibuni sana jikoni, leo narudi nanyi nyuma mpaka Uingereza mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili imepamba moto, nyambizi za Wajerumani zinazamisha meli za mizigo baharini na hii ni nchi iliyokuwa inaagiza zaidi ya nusu ya chakula chake toka nje, kwahiyo mama wa nyumbani inabidi alishe familia kwa mgao na watoto wasidhoofike. Na hapo ndio nataka uangalie kwa makini, maana mbinu zilezile zilizookoa gesi na makaa ndizo zilizookoa vitamini.

Kwanza kabisa leta mzani. Tunapima mgao wa mtu mzima mmoja wa wiki nzima, jamani wiki nzima, sio siku. Siagi gramu 57, jibini gramu 57 hivi (hii ilikuwa inapanda na kushuka), majarini gramu 113, bekoni gramu 113, sukari gramu 227, majani ya chai gramu 57, na yai 1 kama lipo dukani. Nyama nyingine walipimiwa kwa bei, kuanzia 1941 ilikuwa shilingi 1 na peni 2 kwa wiki, ukichukua vipande vya bei rahisi ndio unapata nyingi. Sasa kile kipande cha siagi kiweke kwenye sahani, chora mistari kwa kisu ukigawe mara saba, umeona? Gramu 8 tu kwa siku, inapaka slaisi mbili za mkate kwa shida. Uhaba huo wa mafuta uliendelea hata vita vilipokwisha, ndio maana 1947 serikali yao ikaja kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea, mradi ukafa 1951 bila mafuta ya maana.

Ila viazi, mboga na mkate havikuwa kwenye mgao wakati wote wa vita. Watu walihimizwa walime popote, hata handaki linalozunguka ngome ya Tower of London lilipandwa mboga. Kwahiyo mapishi yetu yote leo yanaanzia hapo.

Hatua ya pili, viazi. Usimenye! Sugua kwa brashi chini ya maji, toa macho na sehemu mbovu tu, chemsha na maganda yake. Yale maji ya kuchemshia usimwage, weka pembeni tutayatumia kwenye mchuzi. Halafu kabichi, hapa wengi tunaiua, tunaichemsha mpaka inakuwa rojo. Ikate nyembamba dakika hiyohiyo unayotaka kupika, weka maji kidogo sana chini ya sufuria, kama kina cha vidole viwili, chumvi kidogo, yakichemka tia kabichi ufunike vizuri, dakika 10 zinatosha, ipakue ikiwa bado ina rangi yake. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na moto unaiharibu, kwahiyo maji machache na muda mfupi ndio dawa, na hapohapo umeokoa moto. Machungwa yalikuwa adimu mno, kabichi na viazi ndio vilibeba mzigo huo, na watoto wa shule walitumwa kuchuma matunda ya waridi mwitu yakatengenezwa sharubati ya vitamini C kwa ajili ya watoto wadogo.

Na kwenye hili lazima niseme kitu, maana linanigusa sana. Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 walikuwa na kitabu chao cha mgao cha rangi ya kijani, wanapata maziwa kama nusu lita kila siku kwa bei ndogo au bure kabisa kama hawana uwezo, wanapewa mafuta ya samaki na juisi ya machungwa. Vifo vya watoto wachanga vilipanda miaka ya kwanza ya vita, ile 1940 na 1941, halafu vikaanza kushuka na kufikia 1945 vilikuwa chini kuliko kabla ya vita. Mabomu yanaanguka lakini watoto wanapona, kwa sababu mgao uliwatanguliza wao.

Haya tuendelee, hatua ya tatu ni pai ya Woolton, imepewa jina la waziri wa chakula Lord Woolton, na aliyeibuni ni mpishi wa hoteli ya Savoy pale London. Viazi, karoti, koliflawa na tanipu kubwa ya njano, nusu kilo nusu kilo kila moja, kata vipande vya kuingia mdomoni. Tia sufuriani na vitunguu vya majani 3 au 4, kijiko cha chai cha rojo zito la mboga la kuongeza ladha, kijiko kikubwa cha oti, maji yafunike tu mboga kwa juu. Chemsha dakika 10 huku unageuza, oti inapenda kushika chini. Acha ipoe, mimina kwenye bakuli la oveni, funika kwa viazi vya kuponda au chapati nyembamba ya unga wa atta, choma mpaka juu iwe kahawia. Yale maji ya viazi tuliyoweka pembeni tengeneza nayo mchuzi, huo ndio unamwagia juu, bila mchuzi inakuwa kavu nawaambia ukweli.

Hatua ya mwisho, sanduku la nyasi, mimi ndio naipenda kuliko zote. Tafuta sanduku la mbao lenye mfuniko, jaza nyasi kavu uzishindilie chini na pembeni, acha shimo la kuingia sufuria, na mto mmoja uliojazwa nyasi wa kufunika juu. Inafanya kazi kama hotipoti, haipiki yenyewe ila inazuia joto lisitoke. Usiku pika uji wa oti kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana, uchemke kwelikweli dakika 5, sufuria iwe imejaa maana ikiwa nusu inapoa haraka, itoe motoni na moja kwa moja ndani ya nyasi, mto juu, funga. Usifungue kuchungulia! Asubuhi uji umeiva laini na gesi hujagusa usiku kucha. Kama ni mchuzi wa nyama basi uchemke dakika 30 kwanza ndio uingie sandukuni, na ukiutoa urudishe motoni uchemke tena kabla ya kula, hii usiruke hata kama una haraka kiasi gani. Uji nao ukiukuta vuguvugu upashe, pakua, na ile sukari tuliyopima mwanzoni weka kijiko kimoja tu, ina wiki nzima ya kwenda.