Mijusi Kafiri wa Ukutani: Jinsi ya Kuwatofautisha kwa Kidole, Mgongo na Mkia

Assalaam aleikum, karibuni tena. Leo tuko barazani kwangu hapa Mombasa, ni saa mbili usiku. Taa imewashwa tangu magharibi, na ukutani mnawaona: mmoja, wawili, watatu, na yule wa nne amejibanza nyuma ya bomba. Wote twawaita mjusi kafiri. Jina hilo lina kisa chake kirefu cha dini, leo sitakiingia. Ninachotaka mjue ni kwamba kwenye ukuta huu mmoja nimeshawakuta wa aina tatu, na ukishazijua, huwezi tena kukaa barazani bila kutazama juu.

Vifaa ni gilasi isiyo na maua wala rangi, kipande cha kadibodi, rula na tochi. Mimi nabana lenzi hii ndogo kwenye simu. Ninazo chache za kuuza, anayetaka aniandikie, lakini macho mazuri na mwanga mzuri vinatosha.

Kwanza muondoeni yule mdogo wa mchana, mwenye kichwa cha njano, anayepanda minazi na nguzo. Huyo ni wa jamii nyingine, Lygodactylus. Mboni yake ni duara, na ncha ya mkia wake kwa chini ina kipande kinachonata kama vidole vyake. Hawa wa usiku, ukiwamulika, mboni inabanwa na kuwa mstari wa kusimama. Haya, tumemaliza na huyo.

Sasa tunamfunika huyu wa chini. Gilasi polepole, kadibodi kwa nyuma, basi, yumo. Lakini sikilizeni: mdomo wa gilasi usiangukie mkia. Narudia, mkia wote uwe ndani kabla hujabana gilasi ukutani. Mkia unakatika kwa kuguswa tu, na ukikatika umempotezea akiba yake ya mafuta. Hawana sumu, msiwaogope. Ogopeni kuwaumiza.

Mgeuzeni tumbo lije kwenu, yaani tazameni kupitia kioo cha gilasi. Mwanangu, tochi iwe ubavuni, ukimulika gilasi moja kwa moja kamera inaona mwanga tu. Hapo. Hapo hapo, usitikisike.

Mnaona chini ya vidole? Vigamba vipana vimepandana kama makuti ya paa, na kila kigamba kimegawanyika katikati. Hiyo ndiyo alama ya jamii yao, Hemidactylus, neno la Kigiriki lenye maana ya nusu kidole. Kucha inatokea juu ya hayo makuti, ikiwa imeinuka. Wote watatu wako hivyo, kwa hiyo hapa bado hatujawatenganisha.

Kinachowatenganisha ni kidole cha kwanza cha mguu wa nyuma, kile cha ndani, tukiite kidole gumba. Kilinganisheni na jirani yake. Ngojeni... amegeuka. Tumsubiri. Msigonge gilasi, atageuka mwenyewe. Haya, sasa. Kwa huyu, gumba ni kidogo mno, hakifiki nusu ya kidole cha pili. Huyu ni Hemidactylus frenatus. Nyumbani nimempa jina la mgeni, kwa sababu asili yake ni Asia, na amesambaa duniani kwa kupanda vyombo: kwenye mizigo, kwenye mbao, kwenye makontena. Mji wa bandari kama huu wetu ungemkosaje?

Tumfananishe na huyu mwingine niliyemfunika mapema. Gumba lake limejaa, lina makuti yake vizuri, wala halionekani kama limesinyaa. Huyu ni mwenyeji, Hemidactylus mabouia. Ana kisa kinachonifurahisha kila nikikisoma: aliyempa jina la kisayansi ni Mfaransa Moreau de Jonnès, mwaka 1818, naye alimjua kutoka visiwa vya Karibi, huko ng'ambo ya Atlantiki. Kumbe asili yake ni Afrika. Alikuwa ameshavuka bahari kabla vitabu havijamtambua huku kwao.

Tuje mgongoni. Mwenyeji ana vinundu vingi vilivyojipanga safu safu mgongo mzima, ukimulika kwa ubavu vinatoa vivuli vidogo, tazameni. Mara nyingi ana alama za hudhurungi zenye umbo la V, moja nyuma ya nyingine. Mgeni mgongo wake ni laini zaidi, vinundu vichache vya kutawanyika, na mara nyingi ana mstari wa kahawia unaotoka puani, unapita jichoni na kushuka ubavuni. Nasema mara nyingi, kwa sababu rangi si ya kutegemea. Mjusi yuleyule aliyekuwa mweusimweusi mchana nyuma ya picha, usiku kwenye taa anakuwa mweupe kama unga. Anzeni na kidole, kisha vinundu, rangi iwe ya mwisho.

Sasa mkia, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Wote hawa wawili, mkia wa kuzaliwa nao una vinundu vyenye ncha kama miba, vimepangwa pete pete. Mwaka wa kwanza nilipoanza, nilimpata mjusi mwenye mkia laini kabisa, mnene, usio na pete hata moja. Nilikesha naye. Nikawaandikia wenzangu kwamba nimepata aina ambayo haijawahi kuonekana hapa. Mmoja wao akaniuliza swali moja tu: huo mkia ni wake wa kwanza? Nikarudi kwenye picha, nikaona mahali rangi inapobadilika ghafla, kama kitambaa kilichotiwa kiraka. Mkia ulikatika, ukaota mwingine, na mkia unaoota upya haurudishi zile pete za miba. Alikuwa mwenyeji wa kawaida.

Kwa hiyo kabla hujasema lolote kuhusu mkia, tafuta kiraka. Huyu hapa anacho, mnaona? Juu ya mstari huu kuna pete, chini yake hakuna. Ukiona kiraka, usiutumie mkia. Usiutumie kabisa, hata kama unakupa jibu unalolitaka.

Eh, umeme umekatika. Sawa, tunaendelea na tochi, ila wale wa ukutani sasa watatawanyika, maana wadudu wanafuata taa na wao wanafuata wadudu. Mwanangu, mulika pale juu, karibu na boriti. Yule! Msiondoe mwanga. Huyo mkubwa ndiye niliyekuwa nataka mumuone.

Huyo namwita bapa, Hemidactylus platycephalus, na hilo jina maana yake ni kichwa bapa. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Wilhelm Peters, alimweleza mwaka 1854 kutoka Msumbiji. Anapenda mibuyu na kuta kuukuu, na kwa muda mrefu alichanganywa na mwenyeji kwa sababu vinundu vya mgongo vinafanana. Mpimeni kutoka pua hadi tundu la haja, mkia msiuhesabu, sababu mmeshaijua. Mwenyeji akifika sentimita 7 ni mkubwa kweli. Bapa anapita hapo, hata 8 na zaidi. Bapa ambaye bado hajakua ndiye mtihani. Ikiwa ni dume, tazameni chini ya mapaja, kuna mstari wa vitundu vidogo vyenye nta. Vya mwenyeji kwa kawaida havizidi 40 hivi. Vya bapa hupita hapo, na mstari unanyooka hadi karibu na goti. Pigeni picha kisha hesabuni kwenye picha, msihesabu naye akiwa ndani ya gilasi, anachoka. Jike hana mstari huo, kwa jike changa mimi naandika alama ya kuuliza na ninaiacha hivyo.

Mmesikia? Chak-chak-chak-chak! Huyo ni mgeni. Mwenyeji analia kidogo na kwa sauti ya chini, mgeni anatangaza. Huko Mauritius mgeni huyu amewasukuma mijusi wa asili wa jamii ya Nactus mpaka wakatoweka katika maeneo waliyokuwa wakiishi. Ndiyo maana nahesabu kila mwezi taani kwangu: wageni wangapi, wenyeji wangapi. Nanyi hesabuni kwenu. Andikeni tarehe, taa gani, kidole, vinundu, na kama mkia una kiraka.

Haya, tunamrudisha. Mdomo wa gilasi uelekee ukutani, kadibodi itoke kwa chini, na tunangoja atoke mwenyewe. Mkia... mkia... ametoka mzima.